Kochi la Nyumbani Katika Chumba cha Utafiti

Kazini walimwita Daktari Kochi. Mwanzoni jina hilo lilimkera, akawa analiitikia kwa kununa, lakini miaka ilivyosonga alilizoea, mpaka mfagizi mpya wa idara akadhani ndilo jina la ukoo wao. Udaktari wenyewe ulikuwa wa kusoma, si wa kutibu. Jirani aliyemgongea mlango akiwa na mtoto mwenye kikohozi alirudi kwake amekunja uso. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mienendo ya watu, hasa wale waliokula chumvi nyingi: wanakumbuka nini, wanasahau nini, na wakisahau wanafanyaje hata siku yao ikaenda.

Kochi lilikuwa la kwao. Ili kulielewa kochi hilo inabidi kwanza uingie katika nyumba aliyozaliwa, na kuingia humo kulihitaji tahadhari. Baba yake alikuwa fundi makochi, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Ukifungua mlango ulipokewa na miguu ya viti iliyotazama dari, marobota ya sponji, magunia, springi zilizolala sakafuni zikingoja nyayo za mtu, na harufu ya gundi ambayo wageni waliikohoa na wenye nyumba hawakuisikia kabisa. Ukivuka salama uliingia sebuleni, kisha mkono wa kushoto jikoni. Dirisha la jikoni lilitazamana na dirisha la jikoni la nyumba ya pili, karibu kiasi kwamba mama yake na jirani yao, Mama Pacha, waliazimana chumvi bila yeyote kutoka nje.

Baba alifanya kazi akiwa na misumari mdomoni. Aliibana kwa midomo, akawa anatoa mmoja mmoja na kuugongomea, na papo hapo aliongea. Mteja akiuliza kiti chake kitakuwa tayari lini, alijibiwa mngurumo, na mama akatafsiri kutoka ndani, "Anasema Ijumaa." Kama kweli alisema Ijumaa, ni yeye na misumari yake waliojua, lakini Ijumaa ilipofika kiti kilikuwa tayari, maana mama alikuwa amekwisha kusema. Watoto walikuwa wawili, binti, ndiye mtafiti wetu, na kaka yake mkubwa, na wote walijua kuielewa mingurumo hiyo kabla hawajajua kusoma. Hata sasa, akiona mtu mzima anaongea na chakula mdomoni, mtafiti hukumbuka karakana ile na moyo humlainika, wakati wenzake mezani wanageuza nyuso.

Alipoajiriwa chuoni alikuta chumba cha vipimo ni cheupe. Kuta nyeupe, meza nyeupe, taa iliyovuma juu kama nyuki, na kiti kimoja kigumu. Wazee waliletwa, wakakalishwa, wakaonyeshwa kadi zenye maneno, kadi zikafichwa, wakaulizwa waliona nini. Wengi waliambulia patupu. Mama mmoja muuza mboga alikumbuka neno "ndizi" tu, na hilo halikuwemo. Mtafiti, wakati huo bado kijana na mwenye kuamini kila kipimo kilichopigwa chapa, akaandika kwamba kumbukumbu ya mama huyo ni dhaifu mno.

Adhuhuri alitoka nje ya geti kununua soda, akamkuta mama yuleyule kwenye genge lake. Watu walikuwa wamemzunguka, na yeye anamtolea huyu nyanya ngumu, yule nyanya za kuiva leo, anamuuliza wa tatu kama mguu wa mkewe umepona, na mikono haisimami. Mtafiti alisimama pale mpaka soda yake ikapoteza ubaridi. Haikumaanisha kwamba kadi zilisema uongo. Zilikuwa zimeuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza mama yule maishani, mahali ambapo hakuna anayeishi.

Akaenda kwa mkuu wa idara, bwana mmoja mwenye mkono wa birika ambaye hata chaki alizigawa zikiwa nusu.

"Nataka tubadilishe chumba cha vipimo," akamwambia.

"Kina kasoro gani?"

"Hakifanani na popote. Mtu akiingia mle anakuwa mgeni, na mgeni hafanyi mambo kama afanyavyo kwake. Nataka kiwe sebule."

"Sebule." Mkuu akamtazama juu ya miwani.

"Ndiyo. Kochi, pazia, redio, meza ya chai, na jiko dogo."

"Fungu la kununua kochi sina."

"Sitaki la kununua. Nataka lililokwisha kukaliwa."

Aliposikia halina gharama, mkuu akaiona thamani ya sayansi papo hapo.

Jioni ile mtafiti alikwenda kwa baba yake na kumwomba amtengenezee kochi lililochoka. Baba alitoa misumari mdomoni, jambo ambalo kwa kawaida alilifanya kwa habari za msiba tu.

"Lililochokaje?"

"Liwe limebonyea upande mmoja, baba. Na mkono wake umefifia, kama watu wameuegemea siku nyingi."

"Mimi natengeneza makochi, mama. Kuchoka linachoka lenyewe."

"Lakini nalihitaji mwezi ujao."

"Basi umechelewa kuja. Ungekuja ukiwa darasa la tatu." Akarudisha misumari mahali pake, na mjadala ukafungwa.

Aliyelimaliza jambo hilo ni mama. Kama ilivyo kwa mafundi wengi, kochi bovu kuliko yote mtaani lilikuwa la nyumbani kwa fundi. Lilikuwa la kijani kilichogeuka rangi ya maji ya kuoshea vyombo, limebonyea kulia alikokaa baba, na mama alikuwa ameahidiwa jipya tangu alipoolewa. "Lichukue hilo letu," akasema kwa haraka iliyotia shaka. "Utafiti ni jambo kubwa, mwanangu. Sisi ni nani tuizuie elimu?" Kabla baba hajapata neno, kaka alishashika upande mmoja na mtafiti upande wa pili, wakatoka nalo. Baba akabaki amesimama sebuleni bila pa kukaa, na mama anamtazama kwa upole wa mtu aliyesubiri siku hiyo kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata mama alikuwa na kochi jipya.

Chumba cha vipimo kikawa kingine. Wazee waliingia, wakaketi, wakavua viatu bila kuambiwa. Mmoja alisinzia katikati ya swali, na mtafiti akamfurahia kama aliyepata zawadi, kwa kuwa kwenye kiti kigumu hakuna aliyewahi kusinzia. Kadi ziliwekwa kabatini. Sasa mzee aliambiwa kwamba kuna wageni wanakuja, awaandalie chai, azime redio wakifika, na asisahau kumeza kidonge chake. Wengi waliohesabiwa kuwa wamekwisha katika chumba cheupe walifanya yote hayo huku wanapiga soga. Vyuo vingine vilituma watu kuja kutazama. Mkuu wa idara aliwatembeza, akisema "sebule yetu" kana kwamba kochi alilibeba yeye mgongoni.

Baba naye alikuja siku moja kulisalimia kochi lake. Alilizunguka, akalibonyeza, akavuta uzi uliochomoza na kuukata kwa meno. "Wanakaa vibaya," akamwambia bintiye. "Wote wanakaa kulia." Mama, aliyekuja naye, akacheka mpaka akashika ukuta. Waliondoka wakizozana kuhusu njia fupi ya kurudi nyumbani, na mtafiti aliwatazama kutoka dirishani hadi walipokata kona. Ilikuwa miaka mizuri. Wakati ule aliiona ni miaka tu, ya kazi nyingi na usingizi haba. Leo angetoa chochote alicho nacho ili awaone tena wakikata kona ile.

Mama alifariki mwanzoni mwa msimu wa baridi, bila kuugua sana, na baba akabaki na nyumba yake na karakana yake. Wateja walipungua lakini hawakukoma. Kisha yakaanza mambo madogo madogo. Alitia chumvi mara mbili. Alitoka nje na ndala moja. Alimuuliza kaka habari za mwalimu aliyekwisha kufa zamani. Siku moja kaka, aliyekuwa akiishi mji mwingine na kufanya biashara ya vifaa vya ujenzi, alikuja bila taarifa, akakuta birika limeungua mpaka limekuwa jeusi, jiko linawaka, moshi umejaa jikoni, na baba yuko karakana anapiga msumari.

Kaka si mtu mbaya, na ni vizuri lisemwe mapema. Alimpenda baba yake kwa hofu, akiishi roho mkononi tangu mama alipoondoka, na mtu anayependa kwa hofu hutafuta mlango wa kufunga. Alimpigia simu dada yake siku hiyohiyo.

"Baba anahamia kwangu. Chumba nimeshakiandaa."

"Yeye anasemaje?"

"Anasema hahami. Nimemwambia ataichoma nyumba, akanijibu ni nyumba yake."

"Mwache kwanza, kaka."

"Nimwache mpaka lini? Mpaka tuitwe kuja kuokota majivu?" Kaka akashusha sauti. "Wewe si ndiye mtaalamu wa mambo haya? Mpime. Ukiniambia anaweza kukaa peke yake, sitatia neno tena. Ukiniambia hawezi, nakuja na gari."

Mtafiti alikubali hapohapo, na alikubali kwa sababu alikuwa na uhakika. Chumba chake kilikuwa kimewaokoa wazee wengi wasiomhusu. Alijua kwamba baba akihamishwa, akatengwa na karakana na nyundo yake, atazimika taratibu kama taa inayoishiwa mafuta. Basi, kipimo kingesema, kaka angenyamaza, na baba angebaki. Kwa kuwa si halali mtu kumpima mzazi wake, kazi alimwachia msaidizi wake, dada mmoja mpole mwenye miwani, na yeye akasimama nyuma ya kioo cha kutazamia, ambako aliyemo chumbani hamwoni.

Baba alikuja amevaa shati la kanisani, amechana nywele kwa maji. Alipoingia na kuliona kochi, uso wake ulikunjuka wote. Hakuuliza akae wapi. Alikwenda moja kwa moja upande wa kulia, akajiachia pale palipobonyea, na mkono wake ukatulia juu ya mkono wa kochi, mahali palipofifia kwa sababu yake. Nyuma ya kioo, mtafiti alitabasamu.

"Mzee wangu, jione kama uko nyumbani," msaidizi akamwambia. Walimwambia hivyo kila aliyeingia. "Kuna wageni wawili wanakuja. Naomba uwaandalie chai. Wakifika, uzime redio, kisha umeze kidonge chako."

"Hakuna shida," baba akasema. Akainuka, akaenda kushoto.

Jiko lilikuwa kulia, na birika juu yake, wazi kabisa. Kushoto kulikuwa na ukuta, na juu ya ukuta pazia lililotundikwa ili ionekane kuna dirisha. Baba alilisogeza pazia, akakutana na rangi nyeupe. Akalirudisha, akalisogeza tena. Akaweka kiganja ukutani na kukipitisha taratibu, kama alivyopapasa kochi la mteja akitafuta mbao imeishia wapi.

"Mlango mmeuziba?" akauliza.

"Mlango upi, mzee?"

"Wa jikoni." Alikuwa hamtazami tena msaidizi. Aliuegemea ukuta kwa mkono, akainua sauti kidogo, sauti ya mtu anayemwita aliye chumba cha pili. "Mama watoto. Mama watoto, uko wapi?"

Msaidizi aliandika alichopaswa kuandika: mzee amepotea mahali alipo, anamwita marehemu mkewe. Hakuongeza chumvi, na kwa kanuni za kipimo hakukosea. Nyuma ya kioo mtafiti alikuwa ameshika shingo yake kwa mikono miwili. Kanuni hizo alizitunga yeye. Kochi hilo lilikuwa limewaambia mamia ya watu kwamba hapa ni kama nyumbani kwa mtu fulani. Baba yake lilimwambia jambo jingine kabisa. Lilimwambia kwamba hapa ni kwake, na kwake jikoni ni kushoto. Mtu pekee duniani ambaye chumba kile kingeweza kumdanganya hivyo, ndiye aliyemleta.

Alimchukua baba nyumbani bila kusema mengi. Njiani baba aliuliza kochi litarudi lini, akaambiwa bado linafanya kazi, akasema ni vizuri, kochi halipendi kukaa bure.

Jioni alimpigia kaka. "Nipe wiki nyingine," akamwomba.

"Kipimo si kimefanyika?"

"Kimefanyika mahali pasipofaa."

"Miaka yote hii si ulituambia mahali pale ndipo panapofaa kuliko pote?"

"Nilisema."

Kaka akahesabu siku. "Wiki moja," akasema. "Jumamosi nakuja."

Mtafiti akachukua likizo, akaenda kukaa kwa baba yake. Safari hii hakujenga nyumba ya kuigiza. Angempima baba ndani ya nyumba yenyewe, kwa shughuli zenyewe, bila kumwambia afanye hiki wala kile. Alikaa kwenye kochi la sebuleni, lile lililowahi kuwa jipya na ambalo sasa lilikuwa limechoka lenyewe kama ilivyotabiriwa, akiwa na kalamu mkononi.

"Umefukuzwa kazi?" baba akamuuliza.

"Hapana, baba. Niko kazini."

"Ukiwa umekaa?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Baba akatikisa kichwa, akaenda zake karakana. Na humo nyumbani, lo, alikuwa mtu mwingine. Vidonge vyake alivitia ndani ya kikombe cha chai, kwa hiyo hakuweza kunywa kabla hajavimwaga kiganjani. Ufunguo wa mlango wa mbele aliutundika kwa kamba moja na nyundo yake kubwa, na hakuwahi kulala nyundo ikiwa nje. Mteja alileta kiti cha mguu mbovu, baba akamkumbusha kwamba mguu wa pili wa kiti hichohicho aliutengeneza mwaka wa mafuriko. Kalamu ya mtafiti ilikimbia. Alianza kuona maneno atakayomwambia kaka.

Kisha birika. Baba alilibandika, akarudi karakana, nyundo ikaanza. Maji yakaanza kuimba. Mtafiti akaacha kuandika. Nyundo iliendelea. Maji yakachemka.

"Fundi, moto!"

Sauti ilitoka dirisha la pili. Baba alikuja, akaipua, akamimina, akarudi kazini bila hata kutazama dirishani. Ilikuwa ni jambo la kufumba na kufumbua. Mtafiti akapiga mstari juu ya yote aliyoandika kuhusu chai, akainuka na kwenda jikoni. Mama Pacha alikuwa upande wa pili, anachambua mchele. Wale pacha wenyewe walikuwa na watoto wao sasa, lakini yeye alibaki na jina.

"Shikamoo, Mama Pacha."

"Marahaba, mwanangu."

"Nakuomba kitu. Kesho usimwite baba."

"Nisimwite kwa lipi?"

"Maji yakichemka. Usimkumbushe. Nataka nimwone akiwa peke yake."

Mama Pacha akaacha kuchambua. "Peke yake anatafuta nini?"

"Ni kwa ajili ya kipimo. Ukimwita, kinaharibika."

Yule mama alikuwa amemnyoa nywele zake za utotoni, amemchapa, amemficha asichapwe. "Haya, daktari," akasema, na akalivuta dirisha likafungwa.

Kesho yake baba alibandika birika kama kawaida, akaenda karakana. Mtafiti akakaa. Maji yaliimba, yakachemka, yakaanza kukirusha kifuniko. Hakuna aliyeita. Ndipo nyundo ikasimama. Mlangoni mwa karakana baba alitokea, kichwa kimeinama upande, anasikiliza. Alikuja mpaka jikoni, akapita mbele ya jiko linalotoa mvuke, akaenda dirishani. Akagonga kioo kwa kidole.

"Mama Pacha anaumwa?" akamuuliza bintiye.

"Hapana, baba."

"Mbona kimya?"

Hakusubiri jibu. Alifungua mlango wa nyuma, akatoka na ndala moja, mbiombio, kwenda kumtazama jirani yake. Birika likabaki linaruka.

Mtafiti aliuzima moto. Kwa kanuni zake baba alikuwa amefeli tena: ameacha jiko linawaka, ametoka nje nusu peku. Aliishika kalamu aandike hivyo, na mkono ukakataa, kwa sababu kichwani mwake alikuwa amesikia sauti nyingine. "Fundi, moto!" Haikuwa ya Mama Pacha. Ilikuwa ya mama. Alimwona mama yake kijana, ameketi kizingitini anamsuka nywele, hainui macho, anaita tu, na nyundo inanyamaza, na baba anakuja kuipua. Kila siku. Asubuhi na jioni, miaka yote ya utoto wake. Mama akienda sokoni, sauti ilitoka dirisha la pili. Ilikuwa imezama ndani ya kelele za nyumba, na yeye, mtaalamu wa kusikiliza watu, hakuwahi kuisikia.

Baba hakuwa ameanza kusahau moto uzeeni. Hata alipokuwa na mgongo ulionyooka na nywele nyeusi tii hakuwahi kuukumbuka. Kuukumbuka ilikuwa kazi ya mama, na yeye alikuwa na ya kwake: nguo zikiwa kwenye kamba na wingu likijikusanya, yeye ndiye aliyenguruma kupitia misumari, na mama na Mama Pacha wakatoka mbio. Na siku ile kaka alipokuta moshi, Mama Pacha alikuwa amesafiri kwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Mtafiti alikaa chini kwenye sakafu ya jikoni akalia. Alimlilia mama yake, kwa sauti, kama ambavyo hakumlilia hata msibani, ambako alikuwa na shughuli ya kupokea watu. Kisha aliwalilia wale wazee wote. Alikuwa amewapa kochi, pazia, redio na jiko, akajisifu kwamba amewaletea maisha yao ndani ya chumba. Halafu akawaacha mle kila mmoja peke yake, na kuwaambia wajione kama wako nyumbani.

Alipokwisha kunawa uso alikwenda kwa Mama Pacha. Alimkuta baba ameketi barazani kwa jirani, mguu mmoja peku, anakunywa maji.

"Nisamehe, Mama Pacha," akasema. "Fungua dirisha."

"Kipimo kimekwisha?"

"Kimekwisha."

"Asubuhi na mchana mimi nipo," Mama Pacha akasema, kama aliyekuwa akilifikiria jambo hilo siku nyingi. "Jioni ndiyo tabu. Naenda kumsaidia binti yangu na watoto, narudi taa zimeshawaka. Tangu mama yako aondoke, jioni namwombea Mungu tu."

Jumamosi jioni kaka alifika na gari. Hakutaka mabishano. Alimsalimia baba karakana, akaingia chumbani kwa mzee, akakunja nguo zake, akajaza begi, akalipeleka kwenye buti. Baba alimtazama akipita, na nyundo yake ikapiga kwa nguvu zaidi. Kisha kaka alikuja sebuleni, akasimama mbele ya dada yake na ufunguo wa gari mkononi.

"Niambie. Anaweza kukaa peke yake au hawezi?"

"Hawezi."

Kaka alikuwa amejiandaa kwa vita, na jibu lilimwacha hana pa kupigania. Akaketi. "Basi," akasema kwa huzuni.

"Hawezi, na hajawahi," mtafiti akasema. "Hajakaa peke yake hata siku moja tangu alipojenga nyumba hii. Wala mama hakukaa peke yake, wala sisi. Nimempima kwa kitu ambacho hajawahi kukifanya maishani, kaka, nikashangaa kwamba hakijui."

"Kwangu pia hatakuwa peke yake."

"Kwako atainuka kwenda jikoni, aende kushoto, akute ukuta. Nimemwona akiupapasa. Alimwita mama."

Kaka aligeuza uso kutazama nje. Akawa anauzungusha ufunguo kidoleni.

"Mchana Mama Pacha yupo," dada yake akaendelea. "Jioni nipo mimi. Nguo zangu nimeshazihamishia chumba chetu cha zamani."

"Na ukisafiri na mikutano yako?"

"Utakuja wewe."

"Mimi?" Kaka akacheka kidogo, bila furaha. "Mimi najua nini? Wewe ndiye uliyesomea."

"Hakuna cha kusomea. Unakaa."

"Halafu?"

"Maji yakichemka, unaita."

Kaka akamtazama kuona kama anatania. Jikoni birika lilikuwa limeanza kuimba. Mama Pacha alikuwa kwa binti yake, na dirisha la pili lilikuwa tupu. Mtafiti alifunga mdomo wake na kukunja mikono. Maji yakachemka, nyundo ikaendelea, na kaka akaangalia jikoni, akaangalia karakana, akakohoa.

"Baba, moto," akasema.

"Hajasikia."

Kaka akageukia karakana. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi na wafanyakazi chini yake, na uso wake ulikuwa umeloa.

"Fundi, moto!"

Nyundo ikanyamaza. Baba akatokea, akapita katikati yao, akaenda kuipua chai. Kaka aliinuka, akatoka nje, akafungua buti la gari, akalitoa begi la baba yao na kulirudisha chumbani.